Magadi Kichwani mwa Mama

Kuna watu hapa Gesima ambao mpaka leo tukikutana njiani wanaweka mkono kichwani, wanapapasa nywele zao kama wanahakikisha bado zipo, halafu wanacheka na kuendelea na safari, na mimi sina la kujitetea kwa sababu wanachokumbuka ni kweli na kila nikikifikiria uso unanichoma. Basi acheni niwaeleze mwenyewe, kabla hamjasikia ile ya Mama Bosibori, jirani yetu, ambayo ina chumvi nyingi (kwake yeye mama yangu alizirai, na Mama hakuzirai hata kidogo).

Nilikuwa nimemaliza shule ya upili, niko tu nyumbani, na Tata (ndivyo sisi Wakisii tunavyomwita baba) alikuwa ameshaamua kwamba nitaenda chuo cha ualimu. Shida ni kwamba mgeni mmoja alikuja kanisani kuzungumza na vijana akatuambia mtu atafute kazi ambayo akiifanya anasahau hata kula, na hayo maneno yakanikaa, nikawa namrudia Tata kila siku. Nikaanza kutafuta. Nikajaribu kushona, nikafungua cherehani ya shangazi nione uzi unapitaje huko ndani, na sikuweza kuirudisha ilivyokuwa. Nikafuga sungura, nikawafungulia nione kama watarudi wenyewe, hawakurudi. Nikapika mandazi ya kuuza, lakini kila asubuhi nilibadilisha kipimo cha hamira nione yatafuraje, wateja wakachoka. Kila kitu nilikianza kwa moto, na nikishajua kinavyofanya kazi, hamu inaisha. Tata aliita hiyo uvivu, na mimi mwenyewe nilianza kumwamini.

Siku hiyo asubuhi Tata alikuwa anakwenda kliniki ya presha Kisii mjini. Akavaa kofia yake, akasimama mlangoni.

"Kwamboka, jioni nikirudi unipe jibu. Ni ualimu ama ni nini?"

"Tata, bado sijajua ninachopenda."

"Kila siku unajitafuta. Kwani ulipotelea wapi?"

Nilikasirika, nikageukia sufuria, sikumwambia hata safari njema. Hilo mliweke akilini.

Wakati huo nilikuwa nimehamia kwenye mambo ya nywele (nilikuwa nimesuka wasichana wa kwaya wakasifu, nikaona labda ndiyo hii). Mama naye alikuwa anajiandaa kwa makambi, ile mikutano ya kanisa ambayo Waadventista hukusanyika kutoka kila upande, na alikuwa anaimba mstari wa mbele kwenye kwaya ya akina mama, kwa hiyo akaniambia nimtie dawa ya kulainisha nywele. Nikafungua kopo, dawa ikawa imebaki kidogo tu chini. Dukani ni mbali, kunanyesha, na jikoni mahindi na maharagwe yanachemka, nimeyatia magadi ili yaive upesi. Hapo ndipo nikasimama na kijiko mkononi nikajiuliza: kama magadi yanalainisha punje ngumu namna hii, nywele je?

Nikachanganya. Mchanganyiko ukapendeza, mweupe, laini, nikafurahi kabisa.

"Inawasha kidogo," Mama akasema, amekaa kwenye kigoda barazani.

"Ndiyo inafanya kazi, Mama."

"Kwamboka, hii inawasha sana."

Nikaosha mbio mbio kwa maji mengi, na nywele zikaja na maji. Zilitoka mikononi mwangu kama manyoya ya kuku aliyemwagiwa maji moto, huku zimeisha, huku zimebaki vishungi. Mama akajishika kichwa, akaangalia kiganja chake, na hakunigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akasema tu, "Leta wembe." Nikamnyoa zote mpaka kichwa kikang'aa, nikampaka mafuta kwa sababu ngozi ilikuwa nyekundu kidogo, nikakimbilia jikoni kwa aibu. Yeye akabaki mlangoni akilia taratibu, analilia nywele na mstari wa mbele wa kwaya.

Sasa, kwetu mwanamke aliyeolewa akinyolewa kichwa chote, watu hawaulizi amechagua mtindo gani. Anayenyolewa hivyo ni mjane. Ni kweli kunyoa ni baada ya mazishi, sio kabla, lakini ukimkuta mama mtu mzima kipara anabubujikwa na machozi mlangoni, na unajua asubuhi mumewe alikwenda hospitali, huna nafasi ya kufikiria ratiba. Mama Bosibori alikuwa anarudisha ungo wetu. Akafika langoni, akaona, ungo ukaanguka, akapiga nduru.

Na hapa ndipo penyewe. Mama yangu aliposikia nduru, hakufikiria kichwa chake hata kidogo. Alifikiria kwamba Mama Bosibori ametoka njiani na habari za Tata. Akasimama, akapiga nduru yake, kubwa kuliko ya kwanza. Mama Bosibori kusikia hivyo akajua sasa ni hakika. Wakakumbatiana pale uani, kila mmoja akiamini mwenzake ndiye mwenye habari.

Mimi nilitoka jikoni na kopo mkononi. Nikasikia jina la Tata, Nyakundi, likitajwa, nikapiga simu yake, ikawa imezimwa. Nikakaa chini kwenye matope. Nilichowaza ni kwamba alitaka nimpe jibu jioni na sasa hakuna wa kumpa, na kwamba nilimgeuzia mgongo kwa ajili ya sufuria ya mahindi. Nililia kama sijawahi kulia.

Nduru kwetu haihitaji maelezo. Upande wa pili wa kilima wachumaji wa majani chai wakaacha vikapu, vijana wakaja na kamba za turubai, mtu akakata mkungu wa ndizi, kwaya ya akina mama ikafika na kuanza kuimba (Mama akaimba nao, sauti yake ikiwa nzuri kuliko siku zote). Na mzee Ombati, jirani wa upande wa chini ambaye amegombana na Tata juu ya mpaka wa shamba tangu mimi sijazaliwa, akaomba nafasi ya kusema.

Wakati huo Tata alikuwa anashuka kwenye bodaboda huko barabarani na mkate kwapani. Akasikia kilio kinatoka kwake, akajua mkewe amekufa. Akavua kofia, akajifunika nayo uso, akapita katikati ya watu akilia, na kwa kuwa kila mtu alikuwa anajifuta macho, hakuna aliyemwangalia. Akasimama nyuma ya Ombati.

"Nyakundi alikuwa mtu wa haki," Ombati akasema. "Na kwa sababu Mungu anasikia, niseme leo. Ule mpaka, mimi ndiye niliusogeza. Kidogo kidogo, kila msimu. Nyakundi anisamehe huko aliko."

Tata akateremsha kofia. "Ombati, uliusogeza mpaka wapi?"

Sijui niwaeleze vipi yaliyofuata. Kuna waliokimbia, kuna waliopiga magoti, Ombati alikaa chini ghafla kama aliyekatwa miguu. Mama alimrukia Tata akamshika masikio, akamkagua kama mtoto. Simu yake ilikuwa imeisha chaji tu, alisikiliza redio kwenye foleni ya kliniki.

Halafu maswali yakaanza. Nani alileta habari? Mama Bosibori akasema, "Mimi nilimwona Mama Kwamboka amenyolewa." Mama akasema, "Mimi nilisikia wewe unalia." Tata akakiangalia kichwa cha mkewe kwa mara ya kwanza vizuri, kisha akageuka, na uani kote watu wakageuka naye, wakaniangalia mimi na kopo langu.

"Umefanya nini?"

"Nilitia magadi, Tata."

"Magadi ya kupikia?" mtu wa kwaya akauliza, na kicheko kikaanza huko nyuma.

"Kwa nini magadi?" Tata akauliza.

Ningenyamaza tu. Lakini aliuliza kwa nini, na mimi nikiulizwa kwa nini siwezi kunyamaza. Nikaanza na ganda la hindi, jinsi magadi yanavyolitoa, nikaja kwenye kopo, kwamba nilipokuwa jikoni nilisoma maandishi yake nikaona dawa yenyewe ni kali vilevile, kwa hiyo kosa huenda lilikuwa kipimo, ama ni kuchanganya vikali viwili, sijui bado, na ili kujua ingebidi nichukue zile nywele zilizoanguka nizigawe kwenye vikombe, hiki magadi kidogo, hiki zaidi, hiki maji matupu. Nilikuwa nimeshaokota zingine. Zilikuwa mfukoni mwa aproni. Nikazitoa nikaonyesha.

Kicheko kikakatika. Mama alikuwa ananitazama na kipara chake, mbele ya kanisa zima.

Tata akavunja mkate kipande, akanipa. "Umekula leo?"

Nilikuwa sijala. Nilikuwa nimesahau kabisa.

"Basi jibu langu nimelipata," akasema, na akaenda na Ombati kuangalia mpaka kabla Ombati hajabadilisha mawazo.

Sasa nasomea kazi ya maabara, na Mama ananilipia kwa sharti moja, kwamba nisirudi nyumbani na kitu chochote ndani ya chupa. Makambini alifunga kitambaa na kuimba mstari wa nyuma, na wageni waliokuja kumpa pole ya kufiwa aliwaambia asanteni, tunaendelea vizuri, kwa sababu kueleza kulikuwa na kazi zaidi. Na mimi kichwa cha binadamu sitagusa tena maishani. Tata bado anasafiri, na kila akitoka nikiwa nyumbani nafika mpaka langoni, naangalia kama simu ina chaji, namwambia safari njema.