Shuka Sita za Reino

Wapangaji wote waliohamishiwa katika jengo jipya wanatangaziwa kwamba mashine za kufulia za kila ghorofa zimekaguliwa na ziko katika hali bora, na kwamba hakuna mpangaji atakayekosa huduma ya kufua kwa zaidi ya siku moja ya kazi.

Tangazo hilo lilibandikwa katika mji wa Thunder Bay, kaskazini kwenye baridi kali, mwezi Januari, kwenye mlango wa chumba cha kufulia cha ghorofa ya tatu. Msomaji wake wa kwanza alikuwa Aune Salmela, mwenye miaka sabini na mmoja, aliyekumbatia kapu la shuka zilizoloa mkojo. Mumewe, Reino, alikuwa amepooza upande mmoja, na kila usiku alilowesha shuka mbili. Bi Pinder, mratibu wa huduma za wagonjwa majumbani, alikuwa amewaeleza waziwazi: Reino akilala pakavu atabaki nyumbani, asipolala pakavu atapelekwa kwenye makao ya wazee. Aune alikuwa na shuka sita.

Mashine ilipofika kwenye kukamua iliruka, ikanguruma, ikaanza kutembea sakafuni kama mlevi anayetafuta mlango, kisha ikazimika maji yakiwa bado tumboni. Brent, meneja wa jengo, aliitazama kwa mbali akasema tatizo ni upakiaji wa nguo, akamwachia Aune karatasi ya picha za kumfundisha namna ya kupakia. Aune alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na tisa katika kitengo cha kufulia cha hospitali. Aliipokea karatasi, akashukuru.

Kwa kuwa mashine ilikuwa imekaguliwa, haikuhesabiwa kuwa mbovu. Kwa wiki mbili Aune alifulia bafuni na kuanika barazani kama mama yake alivyoanika, kwenye baridi inayogandisha hata pumzi. Shuka zilikauka, ila kwa muda zilioutaka zenyewe, siku mbili au tatu. Alipoziingiza ndani zilikuwa zimekakamaa, akazibeba kwapani.

"Umeshaanza kuniletea mbao za jeneza?" Reino aliuliza kwa nusu ya mdomo iliyobaki.

"Nyamaza, mzee. Hii ya kulalia. Ya jeneza nitaipiga pasi kwanza."

Ijumaa moja alichukua spana ya Reino, akaivuta mashine kutoka ukutani. Nyuma yake zilikuwapo boliti nne za safari, zile ambazo kiwanda hufunga ili pipa lisicheze ndani ya lori, na ambazo fundi huzitoa kabla mashine haijawashwa. Hakuna aliyezitoa. Aune alizitoa kwa dakika kumi. Mashine ikakamua kwa upole wa paka aliyeshiba. Akazipeleka boliti ofisini kwa Brent, akiamini anapeleka habari njema.

"Mama, nani amekuruhusu kufungua mashine?"

"Mwanangu, hizi zilitakiwa zitoke siku ilipoletwa."

"Hayo siyajui. Ninachojua, umeshaharibu dhamana."

"Basi njoo uisikie inavyokwenda."

"Si suala la kusikia, mama. Ni utaratibu."

Saa kumi jioni kadi ya Aune ya kufungulia chumba cha kufulia ilifungwa, na ofisi nayo ikafungwa hadi Jumatatu. Barua iliyopitishwa chini ya milango iliongeza kwamba atakayemwazima Aune kadi naye atafungiwa yake. Majirani walimsikitikia kupitia milango iliyofunguliwa nusu.

Jumamosi tumbo la Reino lilichafuka. Kufikia usiku shuka zote sita zilikuwa barazani, zimeganda. Jumapili alilazwa juu ya mataulo, kisha juu ya pazia la sebuleni. Ngozi ya nyonga ikachubuka, ikafunguka.

Bi Pinder alifika Jumatatu asubuhi, akamgeuza mgonjwa, akakiona kidonda.

"Aune, kuna kitanda kimepatikana kwenye makao ya wazee. Wananishikia mpaka saa sita."

"Ilikuwa mashine."

"Najua, mama. Lakini hiki kidonda hakijui mambo ya mashine."

Reino aliugeukia ukuta. Aune alitia saini, kwa sababu alikuwa amefua shuka za watu wenye vidonda vya namna ile, na alijua huishia wapi.

Gari lilimchukua Reino saa tano na nusu. Kadi ilifunguliwa saa nane mchana. Kwa hesabu ya lile tangazo, Jumamosi na Jumapili si siku za kazi.