Mtoto Asiye na Jina Bado

Malalamiko yalikuwa yakinifikia Ukunda kwa simu, yote ya aina moja: fomu yakataa watoto. Fomu ile niliijenga mimi, sehemu ya programu ya kuandikisha watoto wachanga. Mhudumu wa afya wa kijiji huijaza kwenye simu yake, muuguzi akapata orodha ya nyumba za kuzuru katika wiki ya kwanza, wiki ambayo hali ya mtoto huweza kubadilika ghafla. Niliijaribu mezani kwangu mpaka nikachoka. Nilibuni watoto, nikawapa majina mazuri, wote wakapita bila taabu. Kosa linalojificha namna hiyo hunipandisha wazimu, na hunipa raha vilevile. Chakula hunipoea mbele, na majirani hunisikia nikiongea peke yangu.

Katikati ya wazimu huo dada yangu akajifungua mtoto wa kike, mdogo mno, mwenye kulala sana. Aliporuhusiwa kutoka hospitali alikwenda kwa mama yetu, karibu na Msambweni. Nikaenda kumwona, laptopu mgongoni. Dada aliniangalia kutoka kitandani, bakuli la uji wa pilipili manga mkononi.

"Umekuja kumwona mwanangu ama umekuja kazini?"

"Yote mawili," nikamjibu, na ilikuwa kweli, kwani alasiri ile mhudumu wa kijiji alifika kumwandikisha mtoto.

Mhudumu alimwamkia mama, akakaa mkekani, akatoa simu. Nikajisogeza nyuma yake nikichungulia begani. Akajaza jina la dada, kijiji, tarehe ya kuzaliwa. Alipofika kwenye kisanduku cha jina la mtoto, bila kumuuliza mtu, akaandika: Mgeni. Akatuma. Maandishi mekundu yakatokea: Mtoto huyu ameshaandikishwa.

Hilo ndilo kosa nililolisaka wiki zote zile, na sasa limenijia nyumbani kwetu.

"Mbona umeandika Mgeni?" nikamuuliza.

"Sasa niandike nini? Yataka jina, na jina halijatoka. Yule jirani wa nyuma amejifungua siku moja na dada yako. Wake nilimwandika Mgeni, akakubaliwa. Haya, huyu namwandika Mgeni wa Pili."

"Wa pili kwa nani?" mama akaingilia. "Mjukuu wangu jina atapewa siku ya saba, akishanyolewa nywele. Kabla ya hapo msimbandike jina la uongo. Kama hana, andikeni hana."

Mhudumu akakiacha kisanduku kitupu, akatuma. Fomu ikajibu: Jina ni lazima.

"Basi nitarudi siku ya saba," akasema, akaanza kuirudisha simu mkobani. "Wenzangu wengi ndivyo wafanyavyo."

Nilimwomba asiondoke. Nikafungua laptopu na kuingia kwenye daftari la watoto. Walikuwamo Mgeni chungu nzima, na Bado, na Bado Mwingine, na Mtoto Mtoto. Nilicheka mpaka dada akanitupia kanga. Halafu nikatazama tarehe, kicheko kikakatika. Wale wenye majina yao halisi, karibu wote, waliandikishwa baada ya siku ya saba. Wiki ile aliyotakiwa muuguzi kuwaona ilikuwa imeshapita.

Orodha ya muuguzi ya kesho yake hufungwa magharibi. Nikamtazama yule mtoto. Alikuwa amelala tu, hata kulia hakulia, na mama alisema kunyonya kwenyewe ni kwa kubembelezwa.

Nikaanza kazi hapo hapo mkekani. Kiunzi tulichojengea programu, msimbo uliotayarishwa na wengine, huja na ukaguzi wake tayari: unaandika neno moja mbele ya kisanduku, na kisanduku kinakuwa cha lazima. Nikaliondoa neno. Mhudumu akajaribu, akakataliwa, kwa sababu seva, kompyuta inayopokea fomu zote, nayo ilikuwa na ukaguzi wake, haiamini kinachosemwa na simu. Nikaurekebisha. Akakataliwa tena. Safari hii ni hifadhidata, ghala la kumbukumbu zenyewe, nayo niliiambia tangu mwanzo isipokee jina tupu. Kila mlango niliofungua ulinikutanisha na mwingine, na kila mmoja ulinizidishia hamu. Nilikuwa nikitokwa jasho na kutabasamu.

Nikabadilisha pia namna ya kumtambua mtoto: si kwa jina lake, kijiji na tarehe tena, bali mama yake na tarehe ya kuzaliwa, basi.

"Na mapacha je?" dada akauliza kutoka kitandani.

Hao sikuwa nimewafikiria. Nikaongeza kisanduku cha nani alitangulia kuzaliwa, na dada akataka nimshukuru kwa sauti. Nikamshukuru.

Mhudumu akatuma tena. Maandishi ya kijani: Amepokelewa. Hajapewa jina. Niliruka nikagonga kichwa kwenye fremu ya mlango, na jua lilikuwa halijazama.

Asubuhi muuguzi akaja. Alimbeba mtoto hadi mlangoni penye mwanga, akambonyeza ngozi ya kifua taratibu, akamtazama macho, kisha akatuambia tujiandae twende hospitali. Ulikuwa ugonjwa wa manjano, naye mtoto hakuwa akinyonya vya kutosha. Jioni mpwa wangu alikuwa uchi chini ya taa za buluu za kutibia manjano, macho yamefunikwa kitambaa, akilia kwa nguvu ambazo hatukujua kuwa anazo.

"Mmemleta kwa wakati," daktari alimwambia mama. "Mngengoja siku ya saba, sijui ningewaambia nini."

Mama alinishika mkono. Nikakaa kwenye benchi la ukumbini nikafungua simu. Wahudumu, niliowaarifu jana yake kwamba jina si lazima tena, walikuwa wameanza kutuma: Msambweni, Bongwe, Lunga Lunga, watoto wa jana na juzi, wote hawajapewa majina, na mbele ya kila mmoja imeandikwa siku ya kuzuriwa. Nikawasoma mmoja mmoja, nikilia na kucheka, mpaka mtu wa pembeni akaniuliza kama nimepata mtoto.