Masomo Yote, Asubuhi Moja

Juzi wanafunzi wangu walikuwa wakipaka ubao weusi. Tunafanya kama tulivyofanya siku zote hapa Kindu: unavunja betri za tochi zilizokufa, unatwanga ule unga mweusi wa ndani, unauchanganya na maji ya majani ya mihogo, kisha unasugua ubao kwa kitambaa. Harufu yake ni chungu na inakaa puani mpaka jioni. Mimi harufu hiyo hainiombi ruhusa. Ilinichukua palepale na kunirudisha kwenye darasa la Madamu Zaina, miaka ya vita, nilipokuwa msichana mdogo niliyetumwa na mama yangu kwenda kumchunguza mwalimu.

Msinicheke. Wakati ule kila mtu alikuwa akimchunguza mwenzake. Barabara ya Lubutu ilikuwa imefungwa, treni haikuwa ikija, baba yetu alikuwa amekwama huko Pangi alikokwenda kuchimba madini, na mjini askari walikuwa wakitafuta watu wa msituni huku watu wa msituni wakitafuta marafiki wa askari. Mtu akikusalimia kwa furaha kupita kiasi, ulirudi nyumbani ukijiuliza anataka nini. Nami nikiri kwamba mpaka leo sijapona kabisa. Jirani akiniletea sahani ya wali, kwanza nainusa.

Madamu Zaina alikuwa mgeni. Alitoka upande wa Lubutu, vita vikamkuta Kindu, basi akabaki kufundisha. Alikuwa mrefu, mkimya nje ya darasa, hakuwa na ndugu mjini wala hakuonekana kumtafuta. Hilo peke yake lilitosha kuwapa wanawake wa avenyu yetu, yaani mtaa wetu, kazi ya kuzungumza.

Lakini kilichomtia mama wasiwasi zaidi ni jinsi alivyofundisha. Shule ilikuwa imebaki na kipande tu cha asubuhi. Tuliingia umande ukianza kukauka, na jua likianza kuwaka tulitawanyika, kwa sababu hakuna mzazi aliyetaka mtoto wake awe njiani saa ambazo askari walikuwa wameanza kulewa. Masomo yote ya shule ya msingi yangeenea wapi katika muda ule? Mkurugenzi aliamua jambo la akili: Jumatatu hesabu, Jumanne Kifaransa, Jumatano kusoma, na kadhalika. Walimu wote walikubali. Madamu Zaina alikataa. Darasani kwake, tulimokaa watoto wa kila umri, masomo yote yalifundishwa kila siku, bila kuacha hata moja.

Alitukimbiza kweli kweli. Kifaransa tulikifanya tukiwa bado kwenye mstari mlangoni. Hesabu tukiwa tumekaa. Usafi tukinawa mikono kwenye ndoo, kila mtoto akisema kwa nini ananawa. Sayansi ilikuwa mjusi wa ukutani, na mjusi akikimbia tulihamia kwa mbuzi wa jirani. Jiografia tulisimama tukimwonyesha kwa kidole mto Lualaba unatoka wapi na unaelekea wapi. Tulichora chini kwa vijiti, tukaimba tukikusanya vitu vyetu. Nilirudi nyumbani kichwa kikizunguka.

Tena alikuwa na tabia ya kuuliza. Kila asubuhi aliwatazama waliokuja, halafu akauliza habari za wasiokuja. "Leo Kiza iko wapi? Na Amina? Atakuja kesho?"

Hapo ndipo mama alipopata la kumkamatia. Maana nyumba nyingi za avenyu yetu, pamoja na yetu, zilikuwa na desturi ambayo hatukuitangaza: watoto wa mama mmoja hawakwenda shule siku moja. Mama alikuwa ameapa kwamba likitokea la kutokea, halitawakuta watoto wake wote chini ya bati moja. Leo nilikwenda mimi, kesho dada yangu mkubwa Feza, na aliyebaki alishinda shambani Alunguli, ng'ambo ya mto, au kwa shangazi. Sasa mgeni anayetaka kujua mtoto gani yuko wapi leo, na kesho atakuwa wapi, anataka nini?

"Riziki," mama aliniambia akinisuka, vidole vikivuta nywele kwa hasira isiyonihusu mimi, "ule mwalimu, iko namna, kuna kitu anafichaka. Ukienda kwa masomo, fungua macho. Anaulizaka nini, anaongeaka na nani. Ukirudi unaniambia."

Niliifanya kazi ile kwa moyo wote. Nilimwona akisimama dirishani akitazama barabara. Nilimwona akiwasalimia askari wawili, nao wakamwitikia. Yote nilimletea mama, na mama aliyapeleka kwa wenzake, na kila nyumba iliyapokea ikayaongezea chumvi.

Mwisho mama alikwenda mwenyewe. Alimkuta akifunga mlango wa darasa, mimi nikiwa nimeshika kitenge chake.

"Madamu, wenzako wanafundishaka somo moja kwa siku. Weye unakimbiza watoto na masomo yote. Na kila siku unauliza watoto wetu wako wapi. Unatafuta nini?"

Madamu Zaina alimaliza kufunga mlango. Hakukasirika. Alisema tu, "Mama Feza, kesho atakuja nani?"

Mama alinivuta mkono tukaondoka karibu tukimbie. "Umesikia? Umemusikia na masikio yako? Anauliza mpaka mbele yangu!"

Jioni ile wanawake walikubaliana kumshtaki Madamu kwa mkubwa wa avenyu, na mama ndiye angesema wa kwanza. Sote tulijua maana yake. Kutoka kwa mkubwa wa avenyu habari ilifika kwa askari, na mtu aliyeitwa mpelelezi, akishachukuliwa kule kambini, hakuna aliyemwulizia tena. Niliogopa. Nilimshuku, ndiyo, lakini sikutaka achukuliwe.

Mama alitaka ushahidi wa mwisho. Mimi na Feza tulikuwa tumeshajulikana, hivyo akamtuma Amisi, mdogo wetu wa mwisho, ambaye hakuwa amewahi kukanyaga shule kwa sababu mama alimwona bado mdogo. "Uangalie tu," alimwagiza.

Amisi alirudi jua lilipoanza kuwaka, akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo ya kupika. Kabla hajaulizwa, Amisi akaanza. Alihesabu vijiti akavijumlisha. Akausalimu mchi, "bonjour, madame". Akatueleza mjusi anakula nini na mto unakwenda wapi, akatupeleka wote kunawa mikono, akachora nyumba yetu mavumbini, na mwisho akaimba huku akipiga makofi. Mama alisimama na mchi mikononi muda wote ule. Wenzake walipompitia, alisema kichwa kinamuuma. Hawakwenda bila yeye, na jambo lile likapoa.

Kabla zamu ya Amisi haijarudi, homa ilimshika. Dawa hazikuwepo mjini, na barabara ilikuwa vilevile imefungwa. Tulimzika wiki ileile. Nilimlilia sana, na bado namlilia.

Vita vilipokwisha Madamu Zaina alirudi kwao. Sikuwahi kumwuliza chochote. Nilielewa mwaka nilioanza kufundisha, siku mkaguzi aliponipa ratiba nzuri, kila somo na siku yake. Nilikuwa na msichana aliyekuja siku ambazo mama yake hakwenda Kailo kununua mihogo. Kwa ratiba ile, hesabu ilimpita kila wiki. Niliitazama ratiba kwa jicho baya, na lile swali alilomwuliza mama likanijia upya. Madamu hakuwa akimpeleleza mtu. Hakujua kesho atakuja nani, wala kama aliyekuja leo atakuja tena, na alitaka kila mtoto atakayeingia mara moja tu atoke na shule nzima.

Mama sasa ni mzee. Mwaka jana alikuja kijana wa kuandikisha watu, akamwuliza habari za watoto wake, walio hai na waliofariki, na kama walisoma. Alipofika kwa Amisi, mimi nilifungua mdomo niseme hapana, maana alikwenda siku moja tu. Mama alinizuia kwa mkono.

"Ule alisoma," alimwambia kijana. "Andika. Alisoma masomo yote."