Nsimire Ajenga Carama

Ukitaka kumfurahisha Nsimire, mtajie bei ya kitu. Papo hapo mikono inapanda kiunoni, kichwa kinainama upande, na muuzaji anajua leo amepatikana. Tangu alipovuka mpaka kutoka Bukavu akaanza kuuza mawese sokoni Kinama, hakuna aliyemwona akikubali bei ya kwanza. Ya pili nayo aliikubali kwa shingo upande.

Alipopata kiwanja kule mtaa wa Carama, mdogo wake Akilimali alimpa ushauri, ingawa alijua anatwanga maji kwenye kinu.

"Yaya, dada yangu, chukua entrepreneur mumoja. Ataleta wafundi, saruji, mbao, yote. We unangojea tu ufunguo."

"Na bei ya misumari nitaijulia wapi?"

"Hautaijua."

"Basi apana!"

Akaamua kununua kila kitu mwenyewe, na fundi Melchior alipwe kazi ya mikono tu. Wengi mjini hujenga hivyo, na siwalaumu, maana mwenye nyumba anaona jasho lake linakokwenda. Nsimire alijenga kwa raha zake. Matofali ya udongo mbichi aliyapata kwa bei ya kutupa. Milango aliinunua kabla hata msingi haujachimbwa, kwa sababu muuzaji alikuwa amechoka kubishana naye. Melchior aliipima, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akajenga kuta kwa kuifuata.

Kasheshe ilianza kwenye paa. Tofali mbichi na mvua havikai pamoja, na ukuta usiofunikwa unarudi kuwa tope. Septemba ilikuwa inaisha, mvua ziko mlangoni, naye Nsimire bado anazunguka akitafuta mabati. Duka hili ghali, lile bati lake jepesi, la tatu mwenyewe amemjibu vibaya. Mafundi walikaa kivulini wakicheza karata. Mwishowe Melchior akampigia simu sokoni.

"Mama Fabiola, angalia milima."

Akaangalia. Juu ya milima mawingu yalikuwa yamejaa, meusi ti.

"Kesho nitapata bei ya muzuri, fundi."

"Kesho hautakuwa na ukuta, mama."

Hapo Nsimire aliogopa kwelikweli. Alikuwa mpangaji tangu binti yake Fabiola akiwa mgongoni, na kila mwenye nyumba alikuwa na siku yake ya kuwaambia wahame. Zile kuta zikianguka, hakuwa na uwezo wa kuinua nyingine. Akamwachia jirani yake mitungi ya mawese, akakimbilia Carama, kitenge mkononi.

"Fundi, chukua paa yote. Mbao, mabati, misumari, kazi. Niambie bei moja."

Melchior akataja bei nono, iliyoachiwa nafasi ya kutosha ya kubishana. Nsimire akafungua mdomo, akaitazama milima, akaufunga.

"Sawa."

Karata zikaanguka. Melchior akamsogelea taratibu.

"Mama, uko na malaria?"

"Niko muzima. Enda ulete mabati."

"Hauombe nipunguze?"

"Apana."

Fundi wa watu akajikuna shingo. Wenzake walikuwa wanamkodolea macho.

"Lakini mama, ile haikukuwa bei! Ilikuwa ya kuanzia!"

Nsimire kimya. Melchior akapunguza. Nsimire bado kimya, macho kwenye mawingu, na kile kimya kikamchoma fundi kuliko kelele zake za kila siku. Akapunguza tena, akaondoka mbio kabla hajajifilisi.

Jioni ileile mbao na mabati vikashuka, maana Melchior alikuwa na mwenye duka anayemwamini. Kesho yake walipiga nyundo bila kupumzika. Bati la mwisho lilikuwa linapigiliwa matone yalipoanza, na wote wakajibana ndani: mafundi, Fabiola, hata Akilimali aliyekuja kumcheka dada yake. Mvua ikamwagika. Kelele juu ya mabati zikawa nyingi hata mtu hamsikii aliye ubavuni mwake.

Nsimire akapapasa ukuta kwa kiganja, kona hadi kona. Mkavu. Akapiga vigelegele ambavyo hakuna aliyevisikia, machozi yakimtiririka, kisha akamvuta binti yake na kumpigia kelele sikioni:

"Fabiola, sikia! Inanyesha kwetu!"