Hamissi, Mshenga wa Tonnerre

Tangu Khaled aanze kuifungia Tonnerre mabao, watu wa mtaa wa Bwiza husema kwamba Hamissi ndiye aliyewapiga wapinzani wao, Rapide. Husema hivyo kwa vinyozi, kwenye meza za kuuzia vocha, na mbele ya duka lake la ushonaji, ambako yeye hukaa nyuma ya cherehani na pini mdomoni, kwa hiyo hana njia ya kujibu. Pini zikitoka, hajibu pia. Huuliza tu kama suruali ni ya kupunguza au ya kuongeza.

Ni kweli kwamba Tonnerre ya Bwiza ilimpata Khaled na Rapide ya Cibitoke ikamkosa. Lakini mambo hayakwenda kama yanavyosimuliwa kwa vinyozi.

Hamissi ana miaka hamsini na sita. Ni mwembamba, mpole wa sauti, na hutembea kama mtu anayeogopa kukunja suruali yake. Hana cheo kilichoandikwa ndani ya Tonnerre. Rais wa klabu, Moïse, muuza vipuri vya magari, alimpa kazi moja: klabu ikimtaka kijana, Hamissi ndiye anayekwenda kwao. Wachezaji wakamwita Mshenga, na jina likamkaa, kwa sababu kazi hiyo huifanya kama anayekwenda kuposa. Mara ya kwanza huenda kusalimia, na mpira hautaji. Mara ya pili huutaja, kisha huondoka kabla ya kujibiwa. Mara ya tatu huenda kusikiliza jibu. Moïse huona utaratibu huo unachelewesha mambo, lakini wazazi wa Bwiza wanaupenda, na nusu ya timu iliingia kwa mlango huo.

Rapide haina mshenga. Ina Sylvère, mtumishi wa serikali mwenye ofisi Kigobe, mtu wa tai na gari safi, ambaye husema anachotaka siku ya kwanza. Misimu miwili mfululizo alimtangulia Hamissi. Alianza kumchukua winga, kisha akamchukua kipa. Baada ya kipa, Moïse alitamka mbele ya kamati kwamba Hamissi akimkosa wa tatu, kazi ya kwenda majumbani itapewa mtu mwingine. Hamissi hakubishana. Mkewe anasema siku hiyo hakugusa chakula. Kushona kunamlisha, lakini kutumwa na Tonnerre ndiko kunakomfanya aitwe kwa jina na watu ambao hajawahi kuwashonea hata kifungo.

Wa tatu alikuwa Khaled.

Alikuwa na miaka kumi na tisa, mshambuliaji mrefu wa mguu wa kushoto, akichezea timu ya mtaa bila mkataba wowote. Alilelewa na babu na bibi yake, Tajudini na Mwanvua, tangu baba yake alipohamia Uvira na kuoa huko. Tajudini alikuwa fundi wa magari, na Ijumaa baada ya sala yeye na Hamissi walikuwa na mazoea ya kukaa kwenye benchi la gereji na kuongea mpaka chai iishe. Urafiki huo haukumsaidia Hamissi chochote. Alipokwenda kusalimia, kwa utaratibu wake, bila kutaja mpira, Tajudini alimtazama kutoka chini ya gari.

"We Mushenga," alisema, "unanisalimia mi ao unasalimia mguu wa kushoto wa mutoto?"

Hamissi alijibu kwamba anasalimia miguu yote ya nyumba ile. Tajudini alicheka hadi akagonga kichwa.

Sylvère naye alifika, na yeye hakusubiri mara ya pili. Tajudini aliwapa wote wawili jibu lilelile: wataongea baada ya Idi ya kuchinja. Hamissi alilichukua kama ahirisho. Sylvère, kama anavyoeleza mwenyewe, alilichukua kama nusu ya ndiyo.

Idi ikapita. Siku chache baadaye Tajudini alianguka gerejini mbele ya gari lililofunguliwa boneti, na alipofikishwa hospitali alikuwa amekwisha kufa. Alizikwa siku hiyohiyo. Hamissi alikuwa mmoja wa walioshuka kaburini kumpokea.

Siku ya tatu ilisomwa hitma nyumbani kwa marehemu. Turubai lilifungwa kutoka ukutani hadi kwenye nguzo ya umeme, wanaume wakakaa kwenye mikeka, wanawake ndani. Sylvère alikuja na suti nyeusi, akapewa kiti pembeni. Alikaa kwa heshima wakati wote wa kisomo. Pilau ikaliwa, na watu wakawa wanasubiri dua ya mwisho. Hapo Sylvère akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Marehemu na sisi tulikuwa na mazungumzo juu ya Khaled," alisema. "Rapide bado imesimama palepale. Familia isiwe na wasiwasi."

Akakaa, kama mtu aliyetimiza wajibu.

Mzee aliyekuwa akihesabu tasbihi aliacha kidole katikati ya punje mbili. Kisha sauti moja kutoka nyuma, isiyojificha sana, ikasema kwamba mutu amezikwa juzi na tayari wanakuja kupima mutoto wake. Shehe akaanza dua. Ilipokwisha, kila aliyeinuka alipita mbali na kiti cha Sylvère, naye akaondoka bila kujua amefanya nini.

Pale uani, Hamissi peke yake ndiye aliyejua kwa nini Sylvère amefanya vile. Mama yake alizaliwa katika familia ya Kikristo huko Ngozi, na utotoni alipelekwa kwenye mazishi ya wajomba zake. Kule, watu wakitoka makaburini hukusanyika kuosha mikono, gukaraba kwa Kirundi, wakapewa vinywaji, na familia ikaeleza mambo ya marehemu yatakwendaje. Aliyekuwa na neno na marehemu husimama akalisema hadharani, ili kesho asionekane amelizua. Waislamu nao hutangaza madai, lakini kabla jeneza halijaondoka, na mwenye dai huwaendea ndugu faraghani. Hitma si mahali pa kusemea mambo hayo. Sylvère, naye Mkristo, alikuwa ameleta adabu ya kwao kwenye uwanja usio wa kwao. Hamissi aliliona hilo kabla mtu huyo hajakaa, na hakusema kitu.

Jioni hiyo Bwiza nzima ilikuwa na habari. Vijana walisema Rapide wamejifunga wenyewe, tena kwa kichwa. Moïse alipiga simu Hamissi akiwa bado njiani, akamtaka arudi kwa mjane mara moja. Hamissi alisema atakwenda asubuhi. Moïse akacheka, akasema safari hii mshenga hahitaji kwenda mara tatu.

Asubuhi Hamissi alikaribishwa uani. Mwanvua alikuwa ameingia eda, miezi minne na zaidi ya kukaa ndani, kwa hiyo aliongea naye kutoka nyuma ya pazia la mlango. Khaled alikaa kwenye ngazi, katikati yao. Hamissi hakuwa na haja ya kutafuta maneno. Mwanvua alimwita Baba Assia, kwa jina la bintiye mkubwa, akamwambia anajua kilichomleta. Moïse alete karatasi zake wiki hiyohiyo. Wale wa Cibitoke hawatakanyaga tena pale. Khaled akaongeza kwamba moyo wake ulikuwa Rapide, kwa sababu uwanja wao ni mzuri, lakini baada ya siku ile, apana.

Kila alichokuwa anakitafuta kilikuwa kimewekwa mbele yake. Angeweza kuaga. Aliomba maji, akanywa, akakiweka kikombe chini.

"Shemeji," alisema, "yule Sylvère hakuja kukutukana."

"Alikuja kufanya nini?"

"Kwao wakitoka kuzika wanaosha mikono, halafu mwenye neno na marehemu anasimama analisema mbele ya watu. Akilificha ndio wanamuona mutu mubaya. Alifikiri hitma ni vilevile."

Khaled aliinua kichwa.

"Na we ulijua tangu jana?" Mwanvua aliuliza.

"Nilijua palepale."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Nilikuwa namutaka Khaled."

Mwanvua akamwambia amlete Sylvère pale nyumbani, na asimtume mtu, aende mwenyewe.

Hamissi alimpigia Moïse simu kumweleza, kwa sababu hakutaka alisikie kwa wengine. Moïse alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza yeye ni mshenga wa nani, akakata.

Huko Kigobe, Hamissi alimsubiri Sylvère nje ya ofisi hadi saa ya mapumziko. Walikuwa hawajawahi kuongea zaidi ya salamu za uwanjani. Alipoelezwa, Sylvère alivua miwani akaifuta kwa ncha ya tai, ingawa haikuwa na vumbi.

"Ulikuwa umekaa hatua mbili kutoka kwangu," alisema. "Ungenivuta hata shati."

Hamissi alisema ni kweli. Wakapanda gari la Sylvère wakaenda Bwiza, na katika safari hiyo mazungumzo yao yalihusu foleni tu.

Mbele ya pazia, Sylvère aliomba radhi kwa Kiswahili, kisha maneno yakamwishia akaendelea kwa Kirundi. Mwanvua akamjibu kwa Kirundi hichohicho, polepole, kama anayemsaidia mtoto kusoma. Alimwambia kwamba pole yake ameipokea. Alimwambia pia kwamba mume wake angecheka sana kama angekuwepo. Chai ikaletwa. Walipokunywa, alimtaka Khaled aseme mbele ya watu wote wawili anakwenda wapi, ili asije mtu kusema amefichwa jambo.

Khaled alisema Tonnerre. Hamissi alipumua, lakini sababu hazikuwa zile alizozitarajia. Kijana alieleza kwamba bibi yake hatatoka hadi eda iishe, na mwanamume wa nyumba ile sasa ni yeye. Sokoni ni yeye, dawa ni yeye, na magharibi ikiingia lazima awe ameshafika. Rapide hufanya mazoezi Cibitoke na kumaliza jua likiwa limezama. Kutoka uwanja wa Tonnerre anaweza kurudi kwa miguu.

Sylvère akasema klabu itampa pikipiki.

"Pikipiki inaharibika," Khaled alisema. "Babu alikuwa anazitengeneza kila siku, mi najua." Kisha, kwa kuwa hakuwa na hila, akaongeza: "Kama isingekuwa hivyo, ningekuja kwenu."

Sylvère alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alimgeukia Hamissi akasema Rapide wamefungwa na barabara, wala si na Tonnerre. Hamissi, ambaye maneno ya Khaled yalikuwa yamemchoma kidogo, alisema bao ni bao.

Sylvère alipoondoka, Mwanvua alimzuia Hamissi. Mkataba ungetiwa saini ofisini kwa Moïse, na yeye hawezi kutoka. Baba wa kijana alikuwa ameahidi kuja kutoka Uvira na hakuwa amefika hata mazishini. Lazima mtu mzima akae upande wa familia.

"Utakaa wewe, Baba Assia."

Hamissi alimkumbusha kwamba yeye ni mtu wa Tonnerre.

"Najua. Na najua utaniambia hata kile hutaki kuniambia."

Alielewa anachoombwa. Mshenga hawezi kuwa wa pande mbili, na kamati tayari ilikuwa na hasira naye. Kama angemjibu kwamba atafikiri, Mwanvua angetafuta mwingine, na Moïse angeyasahau yote siku Khaled atakapofunga. Alisema atakaa.

Ofisi ya Moïse iko nyuma ya duka lake, kati ya rafu za vichungio na mikanda ya injini. Siku ya saini, viti viwili viliwekwa upande mmoja wa meza na viwili upande wa pili. Moïse, ambaye ushindi ulikuwa umemlainisha, alikipigapiga kiti cha karibu yake.

"Mushenga, kiti chako hiki hapa."

"Leo apana, Président. Leo nimekuja na mutoto."

Akakaa karibu na Khaled. Katibu wa klabu alikwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa saini. Hamissi akaomba waanze kwanza na saa za mazoezi. Hazikuwa zimetajwa popote. Akaomba iandikwe kwamba hadi eda ya bibi yake iishe, Khaled ataondoka uwanjani kabla ya magharibi, na kwamba hilo halitahesabiwa kosa.

"We unatufanyia hivyo sisi?" Moïse aliuliza, kwa sauti ya chini.

Hamissi alisema ndiyo. Moïse alimtazama, akamtazama kijana, kisha akamwambia katibu aandike. Khaled akatia saini.

Kazi ya kwenda majumbani sasa ni ya Valéry, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye hutaja mpira siku ya kwanza. Kamati haikumwambia Hamissi chochote. Alijua siku Valéry alipokuja dukani kushonewa koti la kuendea kwa watu. Alimpima vizuri, akamshonea vizuri, na Valéry anasema hakushauriwa neno lolote, wala yeye hakuuliza.

Siku za mazoezi, jua likianza kushuka, Hamissi hufunika cherehani na kutembea hadi uwanjani. Husimama kwenye kona, upande wa familia za wachezaji. Kocha akimwona, humwita Khaled atoke, na wawili hao huondoka pamoja.