Mawe ya Tochi Juani

Nikinusa karafuu zilizoanikwa, macho yangu hutafuta mawe ya tochi kati yake, ingawa najua hayapo.

Bibi yangu alikuwa mkunga. Aliponunua tochi mpya, niliingia nayo ghalani mchana kuipima ukali. Niliifunika kwa kiganja, vidole vikang'aa vyekundu kama makaa. Sikuacha mpaka mwanga ukafifia.

Magharibi akaitwa kuzalisha, tochi ikakataa kuwaka. Alirudi alfajiri akichechemea, kidole cha mguu kimepasuka.

"Mwenye duka kaniuzia mawe mabovu," alisema, akayaanika jamvini pamoja na karafuu, yapate nguvu.

Siku nzima nikawa nayageuzageuza.

"Mwoneni mjukuu wangu anavyonihurumia," bibi aliwaambia majirani. "Mungu amlipe."