Karamu ya Mlango Wazi

Marehemu mume wangu alikuwa na ugonjwa mmoja tu katika maisha yake, nao ni kuiga. Akimwona Mzungu wa bomani ametia kalamu mfuko wa kushoto, kesho yake kalamu yake nayo imehamia kushoto. Nilimzika kwa heshima zote, na machozi niliyomlilia yalikuwa ya kweli. Lakini kwa habari ya karamu ile, hata leo nikiikumbuka namsonya.

Tulikuwa tunaishi Mbeya, nyumba za makarani, miaka ile ya hamsini. Mwishoni mwa mwaka mmoja alitumwa kupeleka mafaili nyumbani kwa mkubwa wake siku ya sikukuu, akaona huko kitu alichokiita "mlango wazi". Aliporudi hakuvua hata koti.

"Mke wangu, wenzetu hawahangaiki! Mlango uko wazi tangu asubuhi mpaka jioni. Mtu anaingia anapotaka, anaondoka anapotaka. Chakula kiko mezani, kimepoa, vipande vidogovidogo. Kila mtu anajichukulia, anakula amesimama. Hakuna kupika, hakuna kupakua. Mama mwenye nyumba amevaa gauni, yuko na wageni, anacheka tu."

Nikamwuliza alikuwa anacheka nini. Hakujua. Nikamwambia kula kwa namna hiyo kwetu kunaitwa kudokoa, na watoto huchapwa kwa ajili yake. Akaniambia mimi ni mshamba. Siku ya Mwaka Mpya, akasema, na sisi tutafungua mlango.

Sasa, siku hiyohiyo ya Mwaka Mpya ndiyo baba yake alipanga kuja kutoka Tukuyu.

Hapa lazima nieleze, maana vijana wa siku hizi hunicheka. Kwetu Unyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe wake, wala yeye hamtazami mkamwana. Ukimwona anakuja njia hii, unaingia migombani mpaka apite. Akikukuta ghafla, unajifunika nguo kichwani na kumpa mgongo. Jina lake hulitamki. Si ugomvi wala chuki, ndiyo heshima yenyewe. Na mwanamke akiivunja heshima hiyo, wazee husema hatapata mtoto.

Mimi nilikuwa na miaka mitatu ndani ya ndoa, na mtoto sina. Huko Tukuyu shangazi za mume wangu walikwisha kupata sababu: yule yuko mjini, heshima gani anaijua? Walikuwa wanamsukuma mzee amwambie mwanawe aoe mwingine. Mzee akawajibu kwamba hatasema neno kabla hajala chakula cha nyumba yangu. Akila, maneno yameisha. Akirudi bila kula, basi wao wameshinda na mimi nafunga mizigo. Habari hii nililetewa na dada yangu, nami sikulala vizuri tangu siku hiyo.

Kwa hiyo nilikuwa na mpango wangu. Mchele mzuri wa Chimala, kuku, na ndizi za kupika. Mzee angekaa sebuleni na wenzake wa rika lake, mume wangu angepeleka chakula na maji ya kunawa, mimi ningebaki jikoni. Chakula kama hicho hakina shida yoyote, kwa sababu kila mtu anajua mahali pake.

Mume wangu akakataa. "Hayo mambo ya zamani. Sisi ni Wakristo. Baba atakula mezani kama wengine, na wewe utakuwa sebuleni kama mke wa mtu aliyesoma. Na sitaki kuona khanga juu ya gauni siku hiyo."

"Baba anafika saa ngapi?"

"Mlango ni wazi, mke wangu," akasema, kwa fahari kabisa. "Hakuna saa."

Basi nikaandaa hicho chakula kisicho na kazi. Mikate ya duka la Mhindi, siagi ya kopo, jamu ya kopo, mayai yaliyochemshwa jana yake, karanga, biskuti. Hakina kazi kwa nani? Tangu alfajiri nilikuwa nakata mikate, na kila kipande nikikitoa maganda pembeni, kwa sababu mikate ya Mzungu haikuwa na maganda. Maganda niliwapa kuku. Siku hiyo kuku wangu walikula vizuri kuliko makarani. Kufika saa nne vipande vilikwisha kukauka, vimejikunja kwa baridi ya mlima Loleza. Nikavipanga juu ya kitambaa cheupe nilichokitarizi kwa mkono wangu, nikavaa gauni lao, nikasimama kichwa wazi ndani ya nyumba yangu kama mtu aliyeibiwa.

Wageni wakaja, viatu vimejaa matope ya mvua. Wote walifika mlango ulipofunguliwa tu, wala hakuna hata mmoja aliyeondoka, maana kila mmoja alidhani hivi ni vya kuchangamsha kinywa na chakula chenyewe kiko njiani. Walisimama, kikombe mkono huu, mkate mkono huu, wasijue wale kwa mkono upi. Karani mkuu, mwenye tumbo lake, akajiegemeza kwenye mlango wa jikoni ili awe wa kwanza. Mkewe alikuwa na kofia ya manyoya. Nilimwona kwa macho yangu anatia mayai kwenye mkoba, kisha akaninong'oneza, "Dada, wali unakuja saa ngapi?" Na hao ndio watu ambao mume wangu alikuwa anatetemeka mbele yao. Mwiga tembo, sina haja ya kumalizia.

Nilikuwa nimeinama mezani napanga biskuti nilipomsikia mume wangu anaita kwa ile sauti yake ya kizungu: "Karibu baba! Pita tu, mlango uko wazi!"

Nikaona fimbo kizingitini. Nikaona miguu ya mzee, mitupu, na nyuma yake ya wazee wenzake wawili. Mbele yangu mlango wa jikoni ulikuwa umezibwa na tumbo la karani mkuu. Khanga sina. Hatua moja zaidi angeniona uso, na shangazi wangepata walichokuwa wanakitafuta.

Nikashika kitambaa cha meza, nikavuta.

Vyote vilikwenda chini: mikate, jamu, mayai, karanga zikamiminika mpaka chini ya viti. Nikajifunika kitambaa kichwani, nikageukia ukuta, nikachuchumaa. Jamu ilikuwa inanichuruzika shingoni.

"Umekuwa kichaa?" mume wangu akapiga kelele. "Umeniaibisha mbele ya watu!"

Watu! Hao watu walikuwa wanatafuta kofia zao. Walipojua kwamba hakuna wali, mlango wazi ukawafaa kwa mara ya kwanza siku ile. Mke wa karani mkuu alitoka na mayai yangu mkobani bila kuaga.

Mimi nilikuwa nalia chini ya kitambaa, na sikuwa nalilia mikate. Jikoni hakukuwa na kitu, moto haukuwashwa tangu jana. Mzee alikuja kula kwangu na chakula chote nilikuwa nimekimwaga mwenyewe. Niliona kabisa nimekwisha, na shangazi wanashangilia.

Ndipo nikasikia sauti yake. Kwa jinsi sauti ilivyokuja nilijua na yeye amenipa mgongo. Alikuwa anasema na mwenzake, lakini kwa nguvu ya kunifikia.

"Mikate hii imekatwa na nani?"

"Nadhani mkamwana wako."

"Basi okoteni."

"Baba, acheni!" mume wangu akasema. "Huo ni uchafu. Nitatuma mtu dukani."

"Lete maji ya kunawa," mzee akasema.

Nikasikia wazee wale watatu wanapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, wanaokota kipande kimoja kimoja, wanakusanya kwenye sinia. Matope ya viatu vya makarani, maganda ya mayai, vyote. Wakatoka na sinia barazani. Nikasikia maji yanamiminwa, wananawa kwa zamu. Wakaketi chini pamoja kulizunguka sinia, kama watu wazima wanavyokula. Nilisogea nyuma ya mlango nikasikiliza. Walikuwa wanapuliza mchanga, wanatafuna polepole, wanaongea habari za mvua. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeharakisha. Wakamaliza.

"Ndaga," mzee akashukuru kwa Kinyakyusa. Halafu akainua sauti. "Mwenye nyumba aambiwe nimekula, nimeshiba."

Mume wangu akajongea mbele, anaweka tai yake sawa. "Asante sana, baba."

"Si wewe," mzee akasema. "Nenda ndani ukamwambie."

Akaja. Akasimama mbele yangu juu ya karanga zilizopondeka, hajui aangalie wapi.

"Baba anasema amekula."

"Nimesikia," nikamwambia. "Sasa chukua ufagio."